Naweka linki tu, sisemi neno: je, nina lawama?

SWALI: Nasimamia kundi la WhatsApp lenye watu wapatao mia mbili. Karibu kila siku naweka linki mbili tatu: habari, afya, mambo ya kazi. Siongezi neno langu, kusudi kila mtu asome na aamue mwenyewe. Juzi mwanakundi mmoja akaniambia mbele ya wote kwamba "unatuendesha". Nikamjibu kuwa mimi naonyesha mlango tu, kuingia ni hiari. Nani kati yetu yuko sahihi? Na la pili: wiki iliyopita niliweka linki ambayo kichwa chake kilisema hili, nilipokuja kuisoma hadi mwisho nikakuta ndani inasema lile. Nikaifuta kimya kimya. Nilifanya vyema?

JIBU: Ndugu yangu, mwanakundi wako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ingawa sina hakika kama naye anajua kwa nini. Huwaendeshi kwa yaliyomo ndani ya kurasa unazoziweka, maana wengi wao hawafiki huko ndani. Unawaendesha kwa kule kuziweka.

Nianze na neno lenyewe. Wewe umeandika "linki", na watu wengi husema hivyo, lakini mimi napenda "kiungo", kwa sababu ni neno lile lile tunalomwita mchezaji wa katikati ya uwanja. Kiungo mara nyingi hafungi goli na jina lake halionekani kwenye matokeo. Lakini mpira ukishafika mguuni kwake, yeye ndiye anayeamua winga yupi atakimbia na yupi atabaki amesimama, mikono kiunoni. Timu ikifungwa hawezi kuja kusema, "Mimi nilipiga pasi tu."

Hoja yako ya mlango ingesimama kama watu wangekuwa wanaingia. Hawaingii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa walifuatilia viungo vya vyombo vikubwa vya habari vilivyosambazwa Twitter, wakakuta kwamba asilimia 59 ya viungo hivyo havikufunguliwa hata mara moja. Mwaka 2024 timu iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani ilichambua machapisho ya hadharani zaidi ya milioni 35 ya Facebook, ya kati ya 2017 na 2020. Karibu mara tatu katika kila nne, mtu aliyesambaza kiungo hakuwa amekifungua kwanza. Makala za siasa zenye msimamo mkali, hasa zilizokubaliana na anayesambaza, ndizo zilizopita mikononi namna hiyo zaidi.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Wikipedia ya Kiingereza. Pale madai mengi yana kinamba kinachoelekeza chanzo chake. Watafiti waliopima mibofyo hiyo walikuta kwamba ukurasa hutazamwa takribani mara 300 ndipo mtu mmoja abofye chanzo kimojawapo. Basi vile vinamba vya buluu vinafanya kazi gani mara 299 zilizobaki? Vinamtuliza msomaji. Anaviona, anajiambia "hapa kuna ushahidi", anaendelea na safari yake. Kiungo kimemshawishi pasipo kuguswa.

Sasa mrudie mwanakundi wako ambaye hakufungua. Amepokea kichwa cha habari, picha, jina la tovuti, na juu ya vyote hivyo jina lako wewe. Nitakwenda mbali kidogo niseme kwamba jina lako ndilo lenye uzito kuliko hivyo vingine. Makala hiyo ingempita mahali pengine asingeitazama mara mbili. Imekuja kupitia kwa mtu anayemjua, kwenye kundi analoliamini, kwa hiyo alichokisoma si "waandishi fulani wanasema hivi" bali "msimamizi wetu ameona hili linafaa".

Nguvu hiyo imepimwa. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi na Facebook walichapisha jaribio lililogusa watumiaji milioni 253. Baadhi ya watu walifichiwa, kwa bahati nasibu, viungo vilivyowekwa na marafiki zao. Wengine wakaachwa wavione. Waliofichiwa waliweza bado kukutana na makala zile zile kwa njia zao wenyewe, maana marafiki husoma mambo yanayofanana. Hata hivyo, walioonyeshwa walisambaza kiungo zaidi ya mara saba ya waliofichiwa. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa makala, kwa kuwa makala ni ile ile. Imetokana na kuona kwamba fulani ameielekeza.

Jaribio hilo lilionyesha jambo jingine linalokuhusu wewe moja kwa moja. Mtu wa karibu sana ana ushawishi mkubwa zaidi ukimpima peke yake. Lakini kwa ujumla wao, watu wa mbali, kama vile uliyesoma naye zamani au unayekutana naye kwenye mikutano tu, ndio wanaotuletea habari nyingi tusizokuwa nazo. Ni wengi, na wanapita njia ambazo sisi hatupiti. Kundi la watu mia mbili ni nini kama si mkusanyiko wa watu wa aina hiyo? Wengi humo hawafahamiani sana. Umekaa mahali ambapo habari ngeni huingilia.

Unasema hukuongeza neno kusudi usiwaelekeze. Hapo ndipo nisipokubaliana nawe kabisa. Kiungo kisicho na neno hakibaki kitupu. Msomaji hukijazia maneno mwenyewe, na maneno anayoyajaza karibu kila mara ni "soma, hii ni kweli na ina maana". Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kiungo cha makala ya ovyo kabisa, bila maelezo, nikiamini kila anayenijua ataelewa kwamba nacheka. Wiki moja baadaye mtu ninayemheshimu akanishukuru kwa makala nzuri, akaniambia ameipeleka kwa ndugu zake. Nilikosa pa kutazama. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kiungo ni hilo hilo "tazama", na anayelisikia hudhani macho yako yamekwisha kutazama kwa niaba yake.

Halafu kuna uteuzi. Tangu uchunguzi ambao watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliufanya mjini Chapel Hill wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968 na kuuchapisha 1972, wanaochunguza vyombo vya habari wamejua kwamba chombo kinaweza kushindwa kukuambia uwaze nini kuhusu jambo fulani, lakini kikafaulu sana kukuambia ni jambo gani la kuwaza. Wewe ni chombo hicho kwa watu mia mbili. Viungo vitatu kwa siku ni takribani tisini kwa mwezi. Hebu siku moja rudi nyuma, uhesabu hivyo tisini vinaelekea kwenye tovuti ngapi. Nakuonya mapema kwamba hutapenda jibu, kwa sababu hakuna anayelipenda. Watafiti Lada Adamic na Natalie Glance walipochora ramani ya viungo vya blogu za siasa za Marekani za uchaguzi wa 2004, walikuta asilimia 91 ya viungo vya kila kambi vimebaki ndani ya kambi hiyo hiyo. Kila mwandishi peke yake aliamini anaelekeza watu kwenye mambo mazuri. Picha ya jumla ilionyesha vijiji viwili na kinjia chembamba katikati.

Mpaka hapa nimezungumzia binadamu. Kuna msikilizaji wa pili ambaye hukumhesabu, naye ni mashine, na historia yake inafundisha jambo ambalo kundi lako linalihitaji.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kupanga kurasa za wavuti kwa kuangalia viungo vinavyoelekea kwenye kila ukurasa, pamoja na uzito wa kurasa vinakotoka. Kidole kilichonyooshwa na mtu kikageuzwa kura. Lilikuwa wazo zuri sana na ndilo lililoijenga Google. Ila kura hiyo haikuwa na "hapana". Ukiunganisha ukurasa ili uukosoe vikali, mashine iliona jambo moja tu: umeuelekea. Wajanja wakaligundua hilo. Kuanzia 2003 watu wengi kwa pamoja waliyaunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kushindwa kubaya kabisa" na wasifu wa Rais George W. Bush kwenye tovuti ya Ikulu ya Marekani, na aliyeyatafuta maneno hayo Google akauona wasifu huo ukitangulia. Google ilirekebisha hila hiyo 2007.

Kabla ya hapo, Januari 2005, injini za utafutaji za Google, Yahoo na MSN zilikuwa zimekubaliana juu ya alama ndogo inayowekwa ndani ya msimbo wa kiungo. Ilibuniwa hasa kuwazuia waliokuwa wakijaza matangazo yao kwenye sehemu za maoni, lakini maana yake ni pana: "naelekeza huku, ila sipigi kura." Nimeipenda alama hiyo siku zote. Wahandisi walikubali kuiandika tofauti kati ya kuonyesha kitu na kukiunga mkono, tofauti ambayo sisi tunaisahau kila asubuhi tunaposhika simu. Sisi hatuna alama ya kuficha ndani ya msimbo. Inabidi tuseme kwa mdomo.

Ni kweli kwamba viungo vya kundi lako havihesabiwi na injini za utafutaji, kwa kuwa mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji, yaani husomwa na waliomo tu. Lakini humo kuna watu wenye kurasa na akaunti zao, nao huchukua wanachokiona kwako wakakipeleka hadharani. Huko mtandaoni aliye nacho huongezewa: wanasayansi Albert-László Barabási na Réka Albert walionyesha mwaka 1999 kwamba viungo vipya huelekea zaidi kule ambako vingi vimekwisha kuelekea, ndiyo maana tovuti chache zina viungo visivyohesabika na nyingi hazina hata kimoja. Kila unapochagua tovuti ile ile iliyo juu kwa sababu tu ndiyo ya kwanza kuonekana, unaongeza jiwe kwenye mlima uliokuwa mlima tayari.

Nikae kidogo kwenye umbo la kiungo chenyewe, maana swali lako la pili linatoka hapo. Ted Nelson, aliyezipa jina matini zenye viungo miaka ya 1960, alitaka viungo vya pande mbili: unayemwelekea ajue umemwelekea, na njia ya kurudi iwepo. Tim Berners-Lee, alipopendekeza wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1989, alichagua upande mmoja. Huombi ruhusa, humjulishi mtu, unaelekeza tu. Pasipo uamuzi huo nadhani wavuti isingekua ilivyokua. Lakini gharama yake ni kwamba ukurasa uliouelekeza haukujui, na unaweza kubadilika, kuhama au kufa huku kidole chako kikiwa bado kimenyooshwa. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani iliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Wanasheria nao wana kisa chao: uchunguzi wa Harvard uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba nusu ya viungo ndani ya hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuelekeza tena kwenye habari iliyokusudiwa. Kama majaji wa ngazi hiyo wamenyoosha vidole hewani, mimi na wewe tusijidanganye.

Kuhusu sheria, kwa kuwa nahisi ndiyo iliyojificha nyuma ya neno lako "tu". Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2011, katika kesi ya Crookes dhidi ya Newton, kwamba kuweka kiungo peke yake si kuchapisha kashfa iliyoko upande wa pili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye hukumu ya GS Media ya 2016 kuhusu hakimiliki, iliangalia zaidi kama aliyeweka kiungo alijua kazi ile imewekwa bila idhini, na kama alitafuta faida. Nchi hutofautiana na mimi si wakili. Ninachokuomba ni usichanganye mambo mawili: mahakama huuliza kama unashtakika, mwanakundi wako alikuuliza kama una ushawishi.

Kwa kejeli ya dunia, wanaoujua ushawishi huo vizuri kuliko wote ni wenye majukwaa. Meta, kampuni yenye Facebook (wakati huo nayo ikiitwa Facebook), ilipotofautiana na serikali ya Australia kuhusu malipo kwa vyombo vya habari, Februari 2021, ilizuia viungo vya habari kwenye Facebook nchini humo kwa siku kadhaa. Kanada ilizuiwa vivyo hivyo kuanzia Agosti 2023. Injini za utafutaji nazo sasa zinajibu zenyewe kwenye sehemu ya juu ya ukurasa wa matokeo. Pew walipoangalia matumizi ya Machi 2025, watu walioona muhtasari ulioandikwa na akili unde walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 tu ya utafutaji wao, wakati wasiouona walibofya asilimia 15. Kwa maneno mengine, mtu mwenye jina na sura anayemwambia mwenzake "nenda kasome pale" anazidi kuwa adimu. Sikuambii uache.

Nakuambia useme. Sentensi moja inatosha: kwa nini umeiweka, na kama umeisoma yote au umesoma kichwa. "Nimeisoma nusu, sehemu ya pili inafaa kwa wanaotafuta kazi." "Siikubali, lakini inazungumzwa sana." "Sijaifungua, anayejua mada atuambie." Hiyo ya tatu utaiona aibu kuiandika, na aibu hiyo itakufanya uifungue. Twitter walijaribu jambo linalofanana Juni 2020, wakawa wanamuuliza mtu anayetaka kusambaza makala bila kuifungua kama angependa kuisoma kwanza. Kampuni ikasema baadaye kwamba walioulizwa walifungua makala kwa asilimia 40 zaidi. Swali lenyewe halikumzuia mtu chochote.

Kama tovuti huijui, usiipime kwa kuikodolea macho. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwapa tovuti za kuzikagua watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria na wanafunzi walikaa ndani ya ukurasa, wengi wakavutwa na nembo nzuri na jina la taasisi lenye kishindo. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo, kisha ndipo wakarudi kusoma. Walitumia muda mfupi zaidi na wakafika kwenye jibu zuri zaidi. Na viungo vilivyofupishwa, vile vinavyoficha jina la tovuti, mimi siviweki mahali popote penye watu wanaoniamini. Vinawanyang'anya hata kile kidogo ambacho wangekisoma bila kufungua.

Sasa kuhusu kufuta. Kwanza, hukufuta kimya kimya kama unavyodhani: WhatsApp imeacha pale maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na nakuhakikishia kuna waliojiuliza umeficha nini. Pili, nakala zilizokwisha kupelekwa kwenye makundi mengine hazikufutika pamoja na yako. Tatu, na hili ndilo kubwa, waliosoma kichwa bila kufungua wamebaki na kichwa kile kile. Umeondoa kidole lakini hujawaambia kwamba kilielekea pasipo. Hata tovuti ikirekebisha kichwa chake kesho, ile picha ndogo yenye maandishi iliyojitokeza kwenye ujumbe wako ilitengenezwa na simu yako wakati ule ule wa kutuma, na kwenye nakala zilizosambaa itabaki na maneno ya zamani.

Kwa hiyo hapana, hukufanya vyema, ila hujachelewa. Andika leo, bila kuiweka linki yenyewe tena, maana ukiiweka kichwa kile kitajitokeza upya kwa herufi nzito na ndicho watakachokisoma. Maneno yawe ya kawaida tu: "Wiki iliyopita niliweka makala yenye kichwa kinachosema hivi. Nilikuwa sijaisoma. Nimeisoma, ndani haisemi hivyo, inasema hivi. Kama uliipeleka kwingine, naomba upeleke na ujumbe huu." Watakaoutuma watakuwa wachache kuliko walioituma ile makala.

Na yule aliyekuambia unawaendesha, ningekuwa wewe ningempa usimamizi siku mbili kwa wiki, aweke viungo vyake. Mwishoni mwa mwezi mhesabu vya kwake na vya kwako, mviweke mbele ya kundi.